Ng'ombe Aitwaye Nane

Shemasi Azarias alikuwa na umri wa namna tatu. Kadi yake ya Amerika ilisema ana miaka arobaini na mitatu, amezaliwa tarehe moja Januari, kama nusu ya waumini wa kanisa lao pale Black Rock, mtaa wa Buffalo. Karani wa kambi ya wakimbizi alipokosa tarehe ya mtu aliandika hiyo hiyo, basi kila Mwaka Mpya kanisa zima Buffalo linaimbiana na kukatiana keki. Dada yake mkubwa, Bamurange, alishikilia kuwa ni arobaini na saba, na aliapa kwa mwaka ule ambao ng'ombe wa baba yao walivuka mto na sita wakapotea. Magoti yake mwenyewe yalisema sitini. Azarias aliamua kusikiliza kadi.

Na kwa nini asiisikilize? Siku tano za wiki alikuwa mtu wa kuambiwa. Katika kiwanda cha madirisha alikofanya kazi, msimamizi wake, kijana wa miaka ishirini na minne, alimwita "Azi" kwa sababu jina zima lilimchosha ulimi, akamwonyesha kwa kidole pa kusimama na saa ya kwenda chooni. Lakini Jumamosi, kwenye uwanja wa Riverside, karibu na mto Niagara, Azi hakuwapo. Alikuwapo Shemasi Azarias, nahodha, kiungo, jezi namba nane, mwanzilishi wa Itombwe ya Buffalo, timu yenye jina la milima ya kwao, aliyoianzisha kwa mpira mmoja na magaloni matupu ya maziwa badala ya vibendera. Kitu kimoja tu alikiogopa kuliko baridi ya mji ule: siku ambayo mtu angesimama mbele ya watu na kumwambia, mzee, kaa chini, umemaliza.

Kila kiangazi timu za Wakongo za miji mitatu, Buffalo, Columbus na Louisville, zilicheza kuwania kikombe kimoja. Buffalo walikuwa wamecheza miaka saba na hawajawahi kukigusa. Kikombe kilikaa Newburg, kule Louisville, juu ya friji ya Marcellin Nshombo, kiongozi wa timu ya huko, mtu wa kabila la Wabashi mwenye tumbo la furaha na mdomo usiojua likizo. Kila Krismasi Marcellin alikivika kikombe kofia nyekundu, akakipiga picha na kumtumia Azarias. "Kinakusalimia," aliandika. Ee, picha hiyo ilimkaa Azarias kooni mpaka Pasaka.

Basi ndipo akatokea yule Mzungu.

Alisimama nyuma ya uzio wa uwanja Jumamosi tatu mfululizo, mzee mrefu, mkavu, kofia ya sufi kichwani hata jua likiwaka, akitafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kwenye kiganja. Wachezaji wakanong'onezana kwamba ni mtu wa manispaa amekuja kuuliza kibali. Jumamosi ya nne akaingia uwanjani na kuuliza kwa Kifaransa nani mkubwa hapa. Vidole vyote vikamwelekea Azarias.

"Hilo nimeliona," yule mzee alisema. "Mipira yote inakwenda kwake."

Azarias akadhani amesifiwa. Akamshukuru kwa mikono miwili.

Jina lake lilikuwa Ilarie Cotoban, Mromania, na asubuhi za kazi aliendesha basi la shule. Lakini usimtazame mtu kwa usukani wake! Alizaliwa katika mji wa makaa ya mawe, milimani, baba yake akiingia ardhini kabla ya jua na kutoka baada yake. Akiwa na miaka kumi na saba alikuwa tayari kiungo wa timu ya wachimba makaa, na kwa miaka kumi na minane jezi namba sita pale haikujua mgongo mwingine, isipokuwa misimu miwili aliyocheza Ubelgiji, ambako ndiko alikookota Kifaransa chake. Aliwahi kuitwa timu ya taifa, mara moja, mechi ya kirafiki. Alikaa benchi dakika zote tisini, na mpaka leo ile suti ya mazoezi anayo, haijafuliwa kwa mashine hata siku moja. Alipotundika njumu alivuka bahari. Columbus alikuwa kocha msaidizi wa chuo miaka sita. Louisville alifundisha wasichana wa shule ambao hakuna aliyewatazamia lolote, wakatwaa kikombe cha jimbo na kumbeba mabegani. Kisha binti yake akazaa Buffalo, naye akahamia Buffalo, kwa sababu alisema mjukuu hafundishwi kwa simu.

Watu wa namna hii wakikuangukia mlangoni huulizi mara mbili. Azarias alimkabidhi timu siku ile ile, yeye akabaki nahodha.

Waswahili wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Kocha Ilarie aliwaambia wenye macho watazame, tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Alisimama nyuma ya mchezaji akiwa na taulo mbili, nyekundu na njano, akanyanyua moja. Mpira ukiwa njiani unakuja, lazima ugeuze shingo, uitaje rangi kwa sauti, ndipo uupokee. Usipotaja, mpira si wako, rudisha. "Kiungo anayegeuka kutazama mpira ukishafika amechelewa," alisema. "Mpira wewe umekwisha kuuona. Tazama nyuma yako, huko ndiko anakotoka adui."

Vijana walitaabika, na Azarias zaidi yao. Kwao, nyanda za juu za Kivu, mtu anapokupa kitu unamtazama yeye machoni, unapokea kwa heshima. Kugeuza shingo huku unapewa ni ufedhuli, hata mtoto anachapwa. Lakini wiki ya tatu shingo zikaanza kulainika. Uwanja mzima ukawa unapiga kelele "Nyekundu! Njano! Njano!" mpaka mama mmoja Mwamerika aliyekuwa akitembeza mbwa akauliza kama ni kanisa.

Jambo jingine la kocha lilikuwa jezi. Kila mechi alifika saa moja mapema, peke yake, akazitandika jezi juu ya nyasi, kila moja mahali pake pa kuchezea, mikono imenyooshwa. Kipa golini, mabeki mbele yake, na kadhalika. Za wale wa akiba alizitandika kandokando ya mstari, vizuri vile vile, hakuna iliyotupwa. Ukifika unatembea, unaikuta jezi yako, unajua. Hakusoma majina hata siku moja.

"Kwa nini husomi tu, kocha?" Azarias aliuliza.

"Siku moja nitakuambia," kocha alijibu, akatia mbegu mdomoni.

Na kila Jumamosi jezi namba nane ilikuwa katikati ya uwanja. Azarias aliiona toka kwenye maegesho ya magari, na moyo wake ukatua.

Sasa, katika timu ile alikuwapo kijana aitwaye Gasore, miaka ishirini na mitatu, dereva wa mashine ya kuinulia mizigo ghalani. Mguu wake wa kushoto, jamani! Kocha Ilarie alipouona mara ya kwanza aliacha kutafuna. Ila Gasore alikuwa na tatizo ambalo hakuna daktari wa viungo angeliponya. Majira ya baridi yaliyopita wazee wake walikwenda nyumbani kwa Azarias kumwomba Isaro, binti wa kwanza, wakakubaliwa, harusi ikapangwa Novemba. Tangu siku hiyo Gasore alikuwa mkwe. Azarias akiingia, Gasore anasimama. Azarias akiwa mezani, Gasore hali. Na uwanjani, Azarias akiwa na mpira, Gasore anampisha njia, maana mtu atamkwatuaje baba wa mchumba wake? Azarias akiita "Nipe!", Gasore anampa, hata kama mbele yake mlango uko wazi na ufunguo anao.

Wengine nao hawakuwa mbali. Azarias alikuwa shemasi wao, mjomba wao, mtu aliyewapokea uwanja wa ndege na makoti. Mtu wa hivyo hanyimwi mpira. Kocha, ambaye hakujua habari ya ukwe, alimsogeza Gasore winga ya kushoto, mbali na katikati, akitumaini huko atapumua. Hakupumua.

Julai wakasafiri kwenda Columbus. Atakayeshinda pale angekwenda fainali Louisville, kwa Marcellin. Watu wa Columbus walikuwa wagumu, na mpaka dakika ya themanini na tisa hapakuwa na bao. Hapo Gasore akaunasa mpira, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akabaki yeye na kipa. Mama zetu kandoni walikwisha kuinua mikono, vigelegele viko kwenye ulimi.

"Nipe!" sauti ikaita nyuma yake.

Ilikuwa sauti ya Azarias. Wala hakuwaza, miaka thelathini mdomo wake ulikuwa unaita hivyo wenyewe. Gasore akasimama. Akageuka, akampa mpira, taratibu, vizuri, kama mtu anayemkaribisha mgeni kiti. Azarias akaukimbilia, goti likakataa, mpira ukapita mbele ya kiatu chake na kutoka nje.

Mama zetu wakashusha mikono. Walishinda baadaye kwa mikwaju ya penalti, watu wakaimba, lakini Azarias aliimba kwa midomo tu. Kwenye gari, Gasore alikaa kiti cha nyuma kabisa, macho chini.

Waliposimama kutia mafuta, Azarias akamvuta kando. "Gasore, kwa nini ulinipa ule mupira?"

"Papa, si uliita?"

"Niliita, ndiyo. Lakini uliona goli."

"Niliiona, Papa." Kijana akakuna kichwa, haya imemjaa usoni. "Bon, lakini uliita."

Heshima aliyomdai kijana ndiyo aliyopewa, yote, na ilikuwa imemwaibisha mbele ya watu mia tatu.

Wiki hiyo kocha alikuja kukaa naye kwenye ngazi za nyumba yake, Black Rock, na mfuko wa mbegu katikati yao. Akauliza moja kwa moja: yule mtoto ana nini? Azarias akamweleza habari ya ukwe, kwa fahari kidogo na kwa aibu nyingi. "Kwetu mkwe hamnyimi baba mkwe," alisema. "Akiombwa, anatoa."

Azarias akangojea. Akajua neno linakuja. Alikuwa amelingojea tangu Columbus, hata usingizini: mzee, kaa chini. Kocha alitafuna, akatema, akatazama magari yanayopita.

"Kwetu nako walikuwapo watu wasioweza kunyimwa mpira," alisema mwishowe. Akamgawia mbegu, akaaga, akaenda zake.

Hakusema. Agosti nzima hakusema, na kila Jumamosi jezi namba nane ilikuwa pale pale katikati. Unadhani Azarias alifurahi? Kwanza alifurahi. Kisha ikaanza kumtafuna. Aliona vijana wakitazamana. Aliona watu wakiacha kuzungumza akipita. Nyumbani, mkewe Goreth, ambaye alishinda akiinua wazee kutoka vitandani katika nyumba ya kutunzia wazee na alijua mwili wa mtu unasema nini, alimtazama akishuka ngazi kwa mguu mmoja mmoja, akishika ukuta.

"Papa Isaro," alimwambia, "ile kadi ya Amerika haina magoti."

"Niache, mama. Fainali moja tu."

"Mie nimekuacha. Magoti yako ndiyo hayatakuacha." Akacheka, akaenda kumchemshia maji ya chumvi.

Siku ya fainali ikafika, wikendi ya sikukuu ya wafanyakazi ya Amerika, mwanzo wa Septemba. Walisafiri Ijumaa, muda wa saa nane barabarani, magari mawili makubwa, Goreth na mama wengine wakiwamo, wakapokelewa Newburg katika nyumba za wapinzani wao wenyewe, maana mgeni wa Wakongo halali hotelini wakati ndugu ana godoro. Azarias na kocha wakaangukia kwa Marcellin. Asubuhi mkewe Marcellin akawaandalia chai ya maziwa na mikate ya kukaanga, na kikombe kilikuwa pale juu ya friji kinawatazama.

"Kula, shemasi," Marcellin akasema. "Kukitazama ni bure. Ukitaka nitakushushia ukishike kidogo, ujue uzito wake."

"Chekelea tu," Azarias akajibu. "Friji yako leo italala mjane."

Walicheka wote. Kocha akamgusa bega, wakatoka mapema, wawili tu. Uwanja ulikuwa mtupu, nyasi bado na umande. Kocha akaushusha mfuko wa jezi begani, akauweka mbele ya miguu ya Azarias.

"Leo tandika wewe," alisema.

"Mimi? Kocha, mimi sijui unavyotaka—"

"Wewe ni kiungo. Umetazama nyuma yako msimu mzima. Tandika unavyoona." Akaondoka, akaenda kusimama mbali kwenye uzio, akaupa mgongo uwanja na jezi zote. Zilisikika mbegu tu.

Azarias akabaki na mfuko. Aliufungua. Akaanza na kipa, hiyo rahisi. Mabeki wanne. Mugisho, winga wa kulia. Washambuliaji mbele. Alizitandika kama alivyozoea kuziona, mikono imenyooshwa, akipapasa mikunjo. Akaiacha namba nane mwisho, na ilipobaki hiyo na za akiba akaichukua na kuibeba hadi katikati ya uwanja, akaitandika. Ikakaa vizuri sana. Hakuna mtu angeuliza. Kocha mwenyewe hangeuliza. Angegeuka tu, aone, aseme haya.

Akasimama akaitazama. Uchungu ukampanda, tuseme kweli, mpaka macho yakamchoma. Jezi ile ilimvusha mambo. Msimamizi akimwita Azi, alikuwa akijiambia ngoja Jumamosi. Bila namba nane, Jumatatu angeenda kiwandani na nini? Akageuza shingo, kama alivyofundishwa, akatazama nyuma yake. Pale winga ya kushoto, karibu na mstari, kwenye kona ya mbali, ilikuwa jezi namba kumi na nne ya Gasore. Yeye mwenyewe ameitandika pale. Aliona jinsi ilivyokuwa mbali, jinsi mguu ule ulivyofungiwa pembeni kwa ajili yake.

"Aa, Azarias," alijisemea kwa sauti. "Adui uliyekuwa unamtafuta nyuma yako ni wewe."

Akaichukua ile kumi na nne, akaipeleka kandoni, kwenye mstari wa akiba, akaitandika vizuri, mikono imenyooshwa. Winga akaipeleka jezi ya Olivier, kijana wa akiba. Namba nane akaiacha katikati, akasimama kando yake.

Wachezaji wakaanza kufika, na mashabiki, na Marcellin na watu wake. Kila mmoja akatembea akaikuta jezi yake. Gasore akazunguka winga, hakuiona. Akaiona kumi na nne kwenye mstari wa akiba, akainamisha kichwa, akaanza kuiendea bila kunung'unika.

"Gasore! Njoo hapa. Vaa hii."

Kijana akafika katikati, akaona ni jezi gani, akarudi nyuma hatua mbili. "Hapana, Papa. Nguo yako wewe, mie niivae? Na watu wote hawa wako hapa? Siwezi. Nisamehe."

Na kweli hakuweza. Kiti cha baba mkwe hakikaliwi, nguo yake haivaliwi. Azarias alilisahau hilo, akili yake ilikuwa kwenye magoti. Akimwamuru avae, kijana atavaa, lakini atacheza kama mwizi aliyevaa koti la mwenyewe. Watu wakakusanyika. Refa akatazama saa.

Hapo Azarias akafanya jambo ambalo mpaka leo linasimuliwa Newburg na Black Rock. Akaenda kwenye kona, akang'oa kibendera, akarudi nacho, akausimamisha mti wake chini na kuuegemea kwa mikono miwili, kama baba yake alivyoegemea fimbo malishoni. Wazee wa milimani waliokuwa pale wakanyamaza mara moja. Wakavua kofia. Walijua mtu anayesimama hivyo ana neno gani.

"Watu wa Louisville, watu wa Buffalo," akasema, "nyinyi ni mashahidi. Gasore, mimi nakupa ng'ombe."

"Ng'ombe!" wazee wakaitikia.

"Jina lake Nane. Nimemchunga toka milimani, nikamvusha kambi mbili na bahari moja. Hajawahi kuuzwa. Hana kilema, isipokuwa magoti, na hayo nimebaki nayo mie."

Kicheko kikapasuka. Marcellin, ambaye kwao Wabashi pia ng'ombe ni neno zito, alicheka akipangusa macho. Gasore hakucheka. Mkwe havai nguo ya baba mkwe, lakini ng'ombe aliyetolewa mbele ya mashahidi hakataliwi na harudishwi. Kumrudisha ni tusi ambalo halina maji ya kulisafisha. Kijana akapiga goti, akapokea jezi kwa mikono miwili.

"Umenipa ng'ombe, Papa," alisema. "Mungu akuongezee wengine."

"Amina. Sasa sikiliza." Azarias akainama karibu naye. "Ukishapewa ng'ombe, humchungi kwa kuniuliza mimi malisho. Ni wako. Unamupeleka unakotaka."

Kisha akatembea mpaka kandoni, akaiokota namba kumi na nne, akaivaa na kukaa benchi. Kocha Ilarie alikuwa amegeuka kitambo kule kwenye uzio. Alikuja akakaa naye, akamgawia mbegu.

Mechi yenyewe? Ilikuwa moto! Louisville wakafunga kwanza, Marcellin akacheza ngoma ya tumbo mbele ya benchi la wageni. Mugisho akasawazisha kwa kichwa. Na katikati pale Gasore alikuwa akigeuza shingo kabla ya kila mpira, unaona midomo yake ikitaja rangi za jezi zilizokuwa nyuma yake, halafu akaupeleka mpira mahali ambapo hakuna mwingine aliyekuwa amepaona. Azarias alitazama, na wivu aliotazamia kuusikia haukuja. Alisikia kitu kingine, kama fahari ya mwenye ng'ombe.

Dakika ya themanini na sita Gasore akaupata mpira karibu na benchi, akakata ndani, mabeki wawili wakamfuata. Azarias akasahau. Wallahi alisahau kabisa kwamba amekaa benchi! Akaruka juu, mkono hewani, akaita kwa sauti ile ile ya miaka thelathini:

"Nipe!"

Gasore alisikia. Kila mtu alisikia. Lakini hakugeuka. Akaupitisha mpira katikati ya wale wawili, akaingia, akampiga kipa kwa ule mguu wa kushoto, chini, kona ya mbali, nyavu zikacheka.

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, mkwe amemnyima mpira. Azarias alibaki na mkono hewani, kisha akaona mikono yote miwili iko hewani, na yeye mwenyewe anapiga kelele na machozi yanamtoka. Gasore akaja mbio kandoni, jezi namba nane ameikamata kifuani, anawapigia watu kelele: "Papa Isaro amenipa ng'ombe! Amenipa ng'ombe!" Goreth alipiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Marcellin alikikabidhi kikombe kwa uungwana, akaomba tu aachiwe ile kofia ya Krismasi. Watu walipokwenda kula, Azarias na kocha walibaki wamekaa kwenye nyasi. Gasore na Olivier walikuwa bado wanapigiana mpira katikati, hawataki siku iishe.

"Kocha," Azarias akasema, "wewe wakati wako, nani alikupa mfuko wa jezi?"

Ilarie akatikisa kichwa. "Hakuna."

Kisha akasimulia. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, nahodha, timu ya mji wake. Msimu mzima wenzake walimpa mipira yote kwa sababu alikuwa Ilarie, na msimu mzima timu ilishuka. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema. Siku ya mechi ya mwisho alikuwa amekwisha kufunga viatu, amesimama mbele ya wenzake mlangoni, ndipo kipaza sauti cha uwanja kikaanza kusoma majina. Namba sita, likasomwa jina la mwingine. Kocha wake akatazama ukuta.

"Watu walipiga makofi," alisema. "Siyo kwa ubaya. Walifurahi tu. Nilikaa chumbani na viatu miguuni mpaka wafagiaji walipomaliza majukwaa. Sikuwahi kurudi uwanja ule."

Azarias akaivua jezi namba kumi na nne, ambayo ilikuwa kavu, haina jasho hata tone, akasimama kwa taabu na kwenda nayo katikati ya uwanja. Akaitandika juu ya nyasi, mikono imenyooshwa, akapapasa mikunjo. Kisha akasimama kando yake na fulana yake ya ndani, mikono nyuma, akingoja.

Kocha Ilarie aliitazama jezi kwa muda mrefu. Akazitia mbegu mfukoni. Akavua ile kofia ya sufi, akainuka, magoti yake yakalia pia, akatembea polepole mpaka katikati, akaiokota na kuivaa. Ilimbana kifuani.

"Kocha!" Gasore akaita, akampelekea mpira.

Na kabla mpira haujamfikia, yule mzee aligeuza shingo, akatazama nyuma yake.